Pampu inakula beringi kila miezi mitatu. Nimebadilisha kila kitu, bado

Spana_Kumi9 (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Humu ndani mimi ni msomaji tu wa siku nyingi, lakini leo yamenifika shingoni.

Nina pampu ya maji ya moto, mota ya kilowati 45, mizunguko 1,480 kwa dakika, maji nyuzi 85 hivi. Zipo mbili zimekaa bega kwa bega, A na B, aina moja, zilifungwa siku moja. B haijawahi kunisumbua, beringi zake zinaingia mwaka wa tatu. A inameza beringi ya upande wa kapilingi (kiungo cha shafti ya mota na ya pampu) kila miezi mitatu. Iliwahi kufika minne tukapongezana. Hii ninayoifungua leo ni ya nne kwa mwaka huu.

Tumebadilisha beringi (namba 6310, siyo za kuokoteza), shafti, sili. Impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) tumeipeleka kusawazishwa. Shafti tumezilinganisha kwa leza, skrini ikatoa kijani. Ikitoka kufungwa mtetemo ni milimita 3 kwa sekunde, wiki sita baadaye ni 7 na ushee, na unaozidi ni ule wa kufuata urefu wa shafti. Meneja anasema mafundi wa zamu hawatii grisi. Mafundi wanasema beringi siku hizi ni feki. Mimi nipo katikati, nachapwa huku na huku.

Mnaona nini ambacho mimi sikioni?

ZamuYaUsiku

Navuta kiti. Na sisi tunayo ya hivyo, tumeibatiza Mkwe, maana haipiti miezi bila kudai kitu.

Grisi_Kidogo

Mkuu, kabla ya yote: grisi mnatia kiasi gani, na kila baada ya muda gani? Usinijibu "ya kutosha".

Spana_Kumi9

Kila Jumatatu, tunabonyeza mara nne.

Grisi_Kidogo

Nilijua. Mkuu, hizo ni nyingi mno. Hesabu ya chapuchapu ambayo wengi tunaitumia: kipenyo cha nje cha beringi mara upana wake, zote kwa milimita, mara 0.005, unapata gramu. 6310 ina kipenyo cha nje 110 na upana 27. Inakuja gramu 15 kasoro kidogo. Hizo ni za kutia mara moja baada ya maelfu ya saa za kazi, siyo kila wiki.

Halafu "kubonyeza mara nne" siyo kipimo. Chukua hicho kifaa chenu, bonyeza mara kumi juu ya karatasi, weka kwenye mizani, gawa kwa kumi. Changu kinatoa gramu 1.3, cha mwenzangu hapa kinatoa karibu mara mbili ya hapo, na vyote tuliviletewa kwenye sanduku moja. Grisi ikizidi gololi zinaisukasuka tu, inachemka, mafuta yanajitenga na kiini chake, na inayobaki inageuka uji mkavu. Angalia pia kama mota ilikuja na grisi ya poliyurea na nyie mnatia ya lithiamu. Hizo mara nyingi hazikai nyumba moja, zikichanganywa zinalainika na kuchuruzika.

Ila nisikudanganye, sidhani kama grisi ndiyo muuaji wako. B inapata grisi hiyohiyo, kutoka mkono huohuo, Jumatatu hiyohiyo.

Ratiba_Ni_Ratiba

Mnajisumbua bure. Beringi inakufa mwezi wa tatu? Weka ratiba, badilisha kila mwezi wa pili. Hivyo ndivyo matengenezo ya kinga yanavyotakiwa. Sisi tunafungua kila pampu kila mwaka, iwe inalia au hailii, na hatuna kesi.

MzeeWaBoila

Ratiba, nitarudi kwako, usiondoke.

Spana, swali moja tu. Beringi zilizokufa umezitupa wapi?

Spana_Kumi9

Mzee, shikamoo. Ziko kwenye pipa la vyuma chakavu, mbili za mwisho zitakuwa juujuu.

MzeeWaBoila

Marahaba. Nenda kazitoe kabla gari la chakavu halijaja. Beringi iliyokufa ni kama mtu aliyeacha barua mezani, na nyie mmeichoma bila kuisoma mara tatu.

Usiioshe kwa presha. Ikate pete ya nje, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, iangalie juani. Nitakwambia cha kutafuta. Ukiona vidimbwi vimepangana kwa umbali sawasawa na umbali wa gololi, fundi aliipiga nyundo wakati wa kuifunga, akapitisha nguvu kwenye gololi badala ya pete. Ukiona michirizi ya kijivu iliyopangana kama bati la migongo, ni umeme unapita kwenye shafti, hasa kama mota inaendeshwa na kifaa cha kubadili mwendo. Rangi ya bluu au kahawia, ilipata joto kupita kiasi. Na la mwisho ndilo muhimu: ile njia inayong'aa ambayo gololi zimepita, imekwenda sambamba na ukingo, au imepinda?

Kapilingi

Mzee akianza hivi inabidi mtu uandike pembeni.

Spana_Kumi9

Nimerudi. Nimekata mbili. Hakuna alama za nyundo, hakuna michirizi ya umeme. Njia ya gololi kwenye pete ya nje imepinda. Upande wa juu inakaribia ukingo wa kushoto, ukizungusha pete nusu, inakaribia ukingo wa kulia. Zote mbili hivyohivyo, kama zimechorwa na mtu mmoja.

MzeeWaBoila

Basi beringi siyo feki na mafundi wako hawana kosa la grisi, angalau siyo hilo la kuua. Pete ya nje na shafti hazitazamani. Shafti umeibadilisha na hali haikubadilika, kwa hiyo kilichopinda ni nyumba ya beringi, au tuseme pampu yenyewe inakunjwa. Nini kinaikunja pampu?

Swali: leza mlifunga kabla ya kukaza flanji (sahani za boliti za kuunganishia) za mabomba, au baada?

Spana_Kumi9

Kabla. Halafu tukavuta bomba kwa cheni bloku (winchi ya mnyororo), likaingia, tukakaza.

Kapilingi

"Tukavuta bomba kwa cheni bloku, likaingia." 😂 Kesi imefungwa waheshimiwa.

ZamuYaUsiku

Mnacheka, lakini nani hapa hajawahi kuvuta bomba kwa cheni bloku? Anyooshe mkono.

Kapilingi

Nimeushusha.

Sasa Spana, fanya jaribio. Pampu imesimama, imefungiwa umeme na valvu, imepoa. Funga geji ya mshale upande wa mota, ncha yake iguse kapilingi ya pampu kwa juu, nyingine kwa ubavuni. Weka sifuri. Legeza boliti za flanji ya kutolea moja baada ya nyingine huku mtu mmoja akiangalia geji bila kupepesa. Halafu ya kuvutia. Mshale ukisogea zaidi ya 0.05 mm, bomba linaisukuma pampu. Hakuna leza itakayokuokoa hapo.

Na ujue kwa nini inakula haraka hivyo. Umri wa beringi ya gololi unashuka kwa mchemraba wa mzigo. Mzigo ukiwa mara mbili, umri haugawanywi kwa mbili, unagawanywa kwa nane. Iliyotakiwa kwenda miaka miwili inakwenda miezi mitatu. Unaona hesabu yako hiyo?

Spana_Kumi9

Nimefanya asubuhi hii. Niwaambie nilichokiona.

Boliti nne za kwanza hakuna kitu. Ya tano ilipolegea flanji ikatoa mlio kama mlango wa zamani, gasketi ikaachia upande mmoja, bomba likaruka kwenda kushoto. Mshale wa geji ya ubavuni ulikwenda 0.38. Tundu za boliti hazionani tena, ukichungulia unaona nusu mwezi. Kijana wangu aliyekuwa ameshika spana aliruka nyuma, na mimi nikaruka naye.

0.38 wakati mwisho ni 0.05. Mwaka mzima tulikuwa tunabadilisha mgonjwa kitanda.

Grisi_Kidogo

Punguza grisi pia lakini.

Ratiba_Ni_Ratiba

Sawa, kwa hii mmeshinda. Lakini hoja yangu ipo palepale. Ukifungua kila mwaka ungeliona hilo mapema.

Kapilingi

Kaka, yeye amefungua mara nne kwa mwaka mmoja na hakuliona. Kufungua siyo kuona.

Na hili jambo la kufungua kila kitu kwa kalenda lina historia yake. Mwaka 1978 Nowlan na Heap, watu wa shirika la ndege la United, walitoa ripoti waliyoiandika kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Walichambua vipuri vya ndege vinavyoharibika kwa umri na visivyo. Ni asilimia 11 tu vilivyoonyesha kuchakaa kwa umri. Asilimia 89 hakukuwa na umri ambao ungeweza kusema "hapa kitoe kabla hakijafa". Na asilimia 68 hatari yao kubwa ilikuwa mwanzoni, kikiwa kimetoka tu kufungwa. Maana yake, kila unapofungua pampu nzima isiyolia, unairudisha kwenye kipindi chake kibaya zaidi. Unaingiza mchanga, unakata sili mpya kwa kona ya shafti, unasahau shimu (kibati chembamba cha kusawazishia) chini ya mguu wa mota.

Ratiba_Ni_Ratiba

Hizo ni ndege. Na kwa hiyo tusikague chochote, tusubiri vipige kelele?

MzeeWaBoila

Ratiba, nilisema nitarudi kwako. Hapa una nusu ya haki, na hiyo nusu ndiyo watu wengi wanaitupa wakishasikia hizo asilimia 89.

Kiwandani kuna chuma kinachozunguka na chuma kilichosimama. Kinachozunguka kinasema. Kinatetemeka, kinapata joto, kinapiga kelele, mafuta yake yanabadilika rangi. Msikilize, umfungue akisema. Hapo Kapilingi yuko sahihi. Kilichosimama, yaani bomba, tangi, boila, mtungi wa presha, hakisemi. Kutu inakula sehemu ya kumi ya milimita hapa, sehemu ya kumi kule, mwaka baada ya mwaka, presha ipo vilevile, joto lipo vilevile, geji zote ziko kijani. Siku ukuta ukifika mwisho, ndiyo siku ya kwanza unasikia sauti yake. Kwa huyo kalenda ndiyo dawa, kwa sababu yeye kweli anachakaa kwa umri. Valvu ya usalama ipo upande huohuo: inakaa kimya miaka mitano, na hujui kama imeganda mpaka siku uliyoihitaji.

Sasa Spana, pampu yako imekusemea jambo kwa mwaka mzima. Bomba limesogea. Bomba halisogei kwa kupenda. Nenda kalifuate.

Spana_Kumi9

Naenda, Mzee. Kesho tuna ngazi.

Kapilingi

Ukiwa juu angalia sapoti zote, usiishie ya kwanza. Chuma kinarefuka milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Mita 20 za bomba, kutoka nyuzi 25 mpaka 85, inakuja milimita 14 na kitu. Hizo milimita 14 lazima ziende mahali. Zikinyimwa nafasi kule juu, zitakuja kuitafuta chini, kwenye pampu.

Spana_Kumi9

Wakuu, samahani kwa kimya cha siku tatu. Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana mkono bado unatetemeka.

Kutoka kwenye pampu bomba linapanda mita sita, linapiga kona, linakwenda mlalo mita 20 hivi juu ya dari ya chumba cha pampu. Kwenye huo mlalo kuna sapoti tatu za springi. Ya kwanza inafanya kazi. Ya pili springi imeganda, nyuzi zake zimeshikamana na kutu mpaka imekuwa kipande kimoja. Nimeipiga nyundo, hakuna kinachocheza. Ya tatu haibebi kitu, bomba limeinuka juu yake, unaweza kupitisha kidole.

Hapo ningeshuka nikaandika ripoti. Ila karibu na hiyo iliyoganda, bati linalofunika sufi ya kuzuia joto lilikuwa limebonyea, kama kuna mtu alilikanyaga, na kiungo chake kimefunguka kuelekea juu. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Maji ya moto yakatoka. Nikafikiri bomba linavuja. Kumbe halivuji, ni sufi ndiyo imelowa chepechepe kama sifongo.

Tukakata bati, tukaondoa sufi. Kutu ilitoka kwa matabaka, vipande vikubwa kama magome ya mti, kimoja kilinijaza kiganja. Kutu inavimba, kwa hiyo ukiiangalia ilivyo unadhani bomba ni nene kuliko lilipokuwa jipya. Tukakwangua, tukapiga brashi mpaka chuma kikang'aa, tukapima unene kwa mawimbi ya sauti. Bomba la inchi 6, ukuta wake ulikuwa 7.1. Juu ya bomba 6.8. Ubavuni 6.2. Chini kabisa, 3.1.

Grisi_Kidogo

Sina la kusema kuhusu grisi.

Mama_Vipimo

Hodi humu. Mimi kazi yangu ni hiyo, kupima unene, naomba niingilie kidogo.

Kwanza hongera kwa kukwangua mpaka chuma kitupu. Ukipima juu ya rangi au kutu unahesabu na uchafu. Pili, mlipima bomba likiwa la moto? Sauti inapungua mwendo chuma kikiwa cha moto, karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 55, na kifaa kinasoma unene zaidi ya uliopo. Kwa nyuzi 85 kosa ni dogo, ila ujue linaelekea upande wa kukudanganya. Tatu, usitosheke na nukta moja. Kutu ya chini ya sufi inakula kwa mashimo, jirani wa shimo anaweza kuwa mzima kabisa. Chora gridi ya sentimita 5 kwa 5, pima kila makutano. Na ukipata mahali kifaa kinaruka mara 6 mara 3, usichague namba unayoipenda. Ukuta ukiwa mwembamba kuliko uwezo wa proba (kichwa cha kupimia), kifaa huweza kusoma mara mbili ya unene halisi.

Hilo eneo lenu la joto ni baya. Chuma cha kaboni chini ya sufi kinaliwa zaidi kati ya nyuzi 50 na 175 hivi. Chini ya hapo kutu inakwenda polepole, juu ya hapo maji yanakauka kabla hayajafanya kazi. Nyie mko katikati, maji yanakaa na yanachemshwa.

Je, mmekadiria umri uliobaki?

Spana_Kumi9

Ndiyo, dada. Kiwanda kina miaka 14. Limepoteza milimita 4, kwa hiyo 0.29 kwa mwaka. Kikomo chetu kwa inchi 6 tumeweka 2.8, siyo kwa presha maana presha yetu ni ndogo, bali bomba libebe uzito wake lenyewe. Imebaki 0.3. Kwa hiyo nina mwaka mmoja na kidogo. Meneja amefurahi, mwaka mmoja unatufikisha kwenye kusimamisha kiwanda kwa matengenezo makubwa.

Mama_Vipimo

Kaka yangu, kutu haikuanza siku kiwanda kilipozinduliwa. Ilianza siku maji yalipoingia. Hilo bati lilikanyagwa lini?

Spana_Kumi9

...

Nimeuliza wazee wa kazini. Lilikanyagwa wakati wa kupaka rangi tangi la jirani. Miaka 5 iliyopita.

Mama_Vipimo

Basi gawa tena. Milimita 4 kwa miaka 5 ni 0.8 kwa mwaka. 0.3 iliyobaki gawa kwa 0.8, ni miezi minne na nusu. Na kanuni tunayofuata kwenye mabomba ni kwamba ukaguzi unaofuata usipite nusu ya umri uliobaki. Nusu ya miezi minne na nusu ni miwili na siku chache. Namba zilezile za kifaa, jibu limehama kutoka mwaka mzima hadi wiki tisa na ushee, kwa sababu tu tumeuliza bati lilikanyagwa lini.

ZamuYaUsiku

Hii post nai-screenshot... samahani, naipiga picha.

Spana_Kumi9

Nimempelekea meneja. Anasema kwanza ni maji tu, siyo gesi wala mafuta. Pili, tuchomelee kiraka juu yake pampu ikiwa inafanya kazi, kiraka cha muda, mpaka matengenezo makubwa. Nimjibu nini?

MzeeWaBoila

Kuhusu "ni maji tu". Agosti 9, 2004, kituo cha umeme wa nyuklia cha Mihama, Japani. Wala siyo upande wa mionzi, ni bomba la kawaida la maji ya moto upande wa turbini. Lilipasuka, maji yakageuka mvuke, wafanyakazi 5 wakafa kwa kuungua. Ukuta ulikuwa milimita 10 siku ya kwanza, ukakutwa umebaki sehemu ndogo tu ya hapo. Mahali palipopasuka hapakuwa pamepimwa hata mara moja tangu kituo kianze mwaka 1976. Unajua kwa nini? Palisahaulika kwenye orodha ya ukaguzi. Watu walikuwa wanakagua kwa bidii miaka yote, wanapiga tiki kwenye orodha ambayo hapo mahali hapamo. Na wale waliokufa walikuwa mle ndani wakijiandaa kwa kusimamisha kituo ili kufanya ukaguzi.

Kuhusu kiraka. Ukuta wa 3.1 wenye presha ndani, na huna uhakika kama pembeni kuna shimo la 2.5, unaushushia moto wa kulehemu? Chini ya milimita 5 hivi mtu unaanza kuogopa kutoboa. Atakayeshika koleo ya kulehemu ni nani, meneja?

Kapilingi

Na neno "muda" lichunguze. Kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, Juni 1, 1974. Mtambo namba 5 ulipata ufa, wakautoa, wakaunganisha namba 4 na namba 6 kwa bomba la muda la inchi 20 lenye kona mbili, huku na huku kuna viungo vya kunepa vya inchi 28. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Kulikuwa hakuna injinia wa mitambo mwenye sifa aliyekaa kukokotoa nguvu zinazolikunja. Lilikaa miezi miwili likifanya kazi vizuri. Siku lilipoachia, wingu la saiklohekseni, kemikali inayowaka upesi, likalipuka, watu 28 wakafa. Ilikuwa Jumamosi. Ingekuwa siku ya kazi, ofisi zimejaa, sitaki kufikiri.

Sisemi kiraka chako kitaua watu 28. Nasema mtu aliyelifunga lile bomba naye aliambiwa ni la muda.

Ratiba_Ni_Ratiba

Mimi nipo upande wa meneja kidogo. Siyo kila kitu ni Flixborough. Kiwanda kikisimama watu hawalipwi. Kuna klampu za kufunga kwa boliti bila kulehemu, zimekokotolewa, zina cheti. Kwa nini asitumie hiyo?

MzeeWaBoila

Klampu iliyokokotolewa siikatai, Ratiba. Ila ikokotolewe pamoja na uzito wake, maana unaitundika kwenye bomba ambalo sapoti yake imeganda. Iwe na tarehe ya kutoka, na jina la mtu, liandikwe kwenye kitabu cha mabadiliko. Klampu isiyo na tarehe ya kutoka nimezikuta zimepakwa rangi mara tatu.

Na mimi bado nauliza: ana pampu B. B ina bomba lake?

Spana_Kumi9

B ina bomba lake mpaka juu ya dari, yanaungana mbele kabisa baada ya valvu ya kutenga. Ndiyo maana B haikuumwa.

MzeeWaBoila

Basi mnahangaika na kiraka cha nini? Zima A, tenga, endesha kwa B, kata kipande, weka kipya. Siyo kazi ya kusimamisha kiwanda, ni kazi ya siku mbili.

Kapilingi

😂😂 Kurasa nzima za Flixborough na jibu lilikuwa valvu.

Mama_Vipimo

Kabla hujakata, moja zaidi. Wakati B inabeba mzigo peke yake, lipime na bomba la B. Na usipime mahali ngazi inapofika kwa urahisi. Philadelphia, Juni 21, 2019, kiwanda cha kusafisha mafuta: kiwiko kimoja cha bomba kilichofungwa kama mwaka 1973 kilikuwa kimebaki milimita 0.3. Vipande vya jirani vilikuwa vinapimwa na vilikuwa vizima. Kile kiwiko chenyewe hakikuwemo kwenye nukta za kupimwa, na chuma chake kilikuwa na nikeli na shaba nyingi kuliko wenzake, kwa hiyo asidi ilikila mbio. Jirani kuwa mzima siyo ushahidi.

Spana_Kumi9

Mrejesho, wiki mbili baadaye.

Tumepima B gridi nzima, chini kabisa 6.6, bati lake zima. Tumeendesha na B. A tumekata mita tatu na nusu. Kile kipande nimekipasua kwa urefu na kukipima kwa kalipa mezani: mahali pabaya kuliko pote palikuwa 2.6. Mama Vipimo, gridi ingepaona, nukta yangu moja haikupaona. Nilikuwa chini ya kikomo tayari wakati najadiliana na meneja kuhusu mwaka mmoja.

Sapoti mbili tumebadilisha, springi zimewekwa kwa mzigo ulioandikwa kwenye mchoro. Bomba sasa linashuka kwenye flanji lenyewe, boliti zinaingia kwa vidole. Geji wakati wa kukaza: 0.03. Leza tumefunga baada ya mabomba, tukaiacha pampu chini kidogo kwa ajili ya joto. Mtetemo 1.6, jana 1.6, leo 1.6. Grisi tunapima kwa mizani, mafundi wananiita mwenye duka.

Nimetafuta pia kwa nini hicho kipande hakikuwahi kupimwa miaka 14. Orodha yetu ilitengenezwa kwa michoro ya mwanzo, na kwenye hiyo michoro bomba lilikuwa linapita chini. Lilihamishiwa juu ya dari wakati wa ujenzi. Wakaguzi walikuwa wanapima bomba la chini, ambalo ni tawi lililozibwa, halina mtiririko.

Mama_Vipimo

Ngoja. Tawi lililozibwa, lina maji yaliyosimama ndani?

Spana_Kumi9

Lina. Kwenye faili vipimo vyake ni vilevile miaka yote, 7.0, 7.0, 7.0.

Mama_Vipimo

Maji yaliyosimama miaka 14 na hakuna kilichopungua hata 0.1? Kaka, mimi nimeandika namba kwenye hizo fomu maisha yangu yote. Kapime wewe mwenyewe.

Spana_Kumi9

Kesho asubuhi. Na wakuu, kuna lingine. Nimeanza kutembea na laini ya mvuke nikiangalia springi. Ya nne kutoka kwenye boila haijaganda kwa kutu, ni safi kabisa. Ila ile pini ya kuizuia wakati wa kusafirisha bado ipo ndani, na rangi imepakwa juu yake. Nianzishe uzi mwingine?

MzeeWaBoila

Anzisha. Na pini usiichomoe laini ikiwa ya moto kabla hatujaongea.